Fisi Aitwaye Shenzi

Filamu ya The Lion King, iliyotolewa na Disney mwaka 1994, ina utamu wa pekee kwa mtoto aliyekulia Kiriaini, ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kigikuyu: katika sinema ya Kimarekani anasikia maneno aliyofundishwa darasani. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, na Pumbaa, yule ngiri, kweli amepumbaa. Anapoitazama tena akiwa mtu mzima, jina moja linamkwaza. Fisi jike anaitwa Shenzi.

Neno hilo lina historia. Katika karne ya 19 watu wa pwani walimwita mshenzi mtu wa bara asiye Mwislamu wala mstaarabu. Baadaye walowezi wakalifanya tusi la kumtukana Mwafrika yeyote. Kwa maana zote mbili, mababu wa Kiriaini walihesabiwa washenzi.

Yamkini mtu atajibu kwamba jina ni pambo tu. Lakini hadithi yenyewe inalithibitisha: fisi wanakaa nje ya mpaka, penye giza na mifupa ya tembo; wakiingia, nchi inakauka; wakifukuzwa, mvua inanyesha. Katika ngano za Wagikuyu pia fisi huaibika, ila huponzwa na ulafi wake. Huko kosa ni tendo. Hapa kosa ni asili.

Mtoto hakukosea kufurahi. Alisimama upande wa simba, kama filamu ilivyotaka. Mtu mzima ndiye anayeona kwamba jina walilobandikwa babu zake liko upande wa pili wa mpaka.