Daftari Lilitangulia Kamera

Picha ninayoichambua leo ina vitu vitatu: kichuguu kirefu kuliko mtu, baiskeli iliyoegemezwa hapo ikiwa na magunia ya makala, na mwenye baiskeli aliyechuchumaa kando yake. Nyuma yao moshi wa pori lililochomwa usiku umetanda chini chini. Kuipiga kulichukua sehemu ndogo ya sekunde. Kuitafuta kulichukua siku mbili na daftari la shule la binti yangu mwenye miaka 11.

Tulitoka Kolwezi mwishoni mwa Juni, alfajiri. Mji huu uko kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 1,400, na kipupwe chake kinauma. Mtoto alivaa koti juu ya sweta na bado alikuwa akipuliza viganja. Tulishika barabara ya Likasi, kuelekea Fungurume. Siku hiyo ya kwanza kamera ilikuwa marufuku kutoka kwenye begi. Yeye alisema "Baba, simama," mimi nikatafuta pembeni palipo salama, naye akaandika mambo matatu: kilomita tulizokwisha kwenda, upande jua lilipo, na alichokiona.

Jambo la pili, upande wa jua, ndilo wapiga picha wengi wa kwetu hulipuuza, kisha wakailaumu kamera. Kolwezi iko karibu digrii 10.7 kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Juni jua liko mbali kabisa upande wa kaskazini; hata saa sita mchana halipandi zaidi ya digrii 56 hivi, wakati mwezi wa Oktoba hupita karibu na utosi. Barabara ya Fungurume inaelekea mashariki. Kwa hiyo, katika kipupwe, anayetoka Kolwezi ana jua upande wake wa kushoto tangu asubuhi hadi jioni. Vitu vilivyo kulia kwake vinamulikwa usoni. Vilivyo kushoto vina jua mgongoni.

Binti yangu aliligundua hilo kabla sijamweleza. Aliandika kwamba miti ya kulia "imepakwa rangi" na ya kushoto "ni vivuli vyake tu". Nikamwambia, mama, umeshamaliza nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kujua kipi kinataka mwanga upi. Ukuta wa matofali na mlango wa rangi vinapendeza vikimulikwa usoni. Moshi na vumbi ni kinyume: jua likiwa mgongoni mwako vinakuwa uchafu hewani, likiwa nyuma yavyo vinang'aa. Kipupwe ndicho chenye vyote viwili kwa wingi.

Karibu na Fungurume aliandika, "vilima vina upara." Ni kweli. Udongo wa pale una shaba nyingi kiasi kwamba miti ya miombo haistahimili. Huota nyasi na maua madogo, likiwemo Haumaniastrum katangense, ambalo watafuta madini walilifuata kama alama ya shaba. Tulivitazama tu. Migodi, madaraja na mabwawa hayapigwi picha hapa bila kibali, na sitamfundisha mtoto kuiba picha kupitia dirisha la gari. Aliniuliza pia kuhusu wachimbaji wadogo. Nikamtajia mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1978, aliyeziweka picha za kambi za wachimbaji wa Kolwezi sambamba na mabango ya mandhari kutoka China aliyoyakuta humo. Kazi kama ile inataka uingie kwa watu na ukae nao.

Sasa kichuguu. Kilikuwa upande wa kushoto, juu ya mlima mdogo wa barabara. Katika daftari aliandika kwamba baiskeli ya makala ikishapakiwa haiwezi kusimama yenyewe, kwa hiyo wasukumaji wakimaliza mlima hutafuta pa kuiegemeza, na pale hapana mti mnene wala ukuta ila kichuguu kile. Alizihesabu tatu, zote asubuhi, zote zikielekea mjini. Mimi nimepita barabara hiyo miaka mingi sijaliona hilo. Kwa sentensi ile tulijua pa kusimama, saa ya kufika na nani atakuja.

Siku ya pili saa moja na nusu asubuhi tulikuwa hapo. Alipofika mwenye baiskeli tulimsalimu, tukamweleza, akakubali. Picha zangu za kwanza ziliharibika: kamera iliona moshi unaong'aa, ikapunguza mwanga, na uso wa baba yule ukawa mweusi usio na macho. Kipimo cha kamera hakimjui mtu mweusi aliyepewa jua mgongoni. Lazima umwongezee mwanga wewe. Niliongeza hatua moja na nusu, nikakubali anga liwe jeupe. Binti akashika kiroba cheupe cha unga wa bukari karibu nami, kikarudisha jua usoni mwa mzee. Hapo macho yakaonekana, na mikunjo ya udongo pia. Udongo huo wa kichuguu ndio mafundi wa kale wa Katanga walioutumia kujenga matanuru ya kuyeyushia shaba, kazi ya msimu huu huu wa ukame.

Kasoro ipo: gunia moja limekatwa na ukingo wa picha. Ningerudi hatua mbili nyuma lingeingia lote.

Wiki iliyofuata tulirudi pale pale asubuhi na picha iliyochapwa, tukamsubiri mwenye baiskeli. Aliikunja kwa uangalifu, akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti. Nawe ukimpiga mtu picha barabarani, mrudishie yake.