UKURASA USIOKUWAPO: MAONI JUU YA ISTILAHI ZA PROGRAMU ZA SEVANI

Makusudi ya makala haya ni kuyachungua maneno machache yatumiwayo kufundishia, kwa Kiswahili, kazi ya kuandika programu ziundazo kurasa za tovuti. Msomaji asiye fundi wa kompyuta asiogope. Jambo lenyewe si gumu. Ugumu umo katika maneno yetu, nao huwaletea hasara watu walio mbali na vyuo, kama tutakavyoona kwa mfano wa wachimbaji wadogo wa Geita na Shinyanga.

Kwanza yafaa tulieleze jambo lenyewe. Tim Berners-Lee alipopendekeza wavuti huko CERN mwaka 1989, na katika miaka michache iliyofuata, kurasa zilikuwa zimekwisha kuandikwa na kuwekwa katika seva kama vitabu rafuni. Kila aliyeomba alipewa nakala ile ile. Kurasa za namna hiyo huitwa kurasa tuli, na jina hilo halina kasoro. Mwaka 1993 ikapatikana njia nyingine, iitwayo CGI, na mwaka 1995 Rasmus Lerdorf akatoa PHP, ambayo hata leo yatumika sana. Kwa njia hii ukurasa haupo mpaka uombwe. Kivinjari hupeleka ombi. Programu iliyomo sevani hulihakiki, huiuliza hifadhidata, hulijaza jibu katika kiolezo, ndipo huurudisha ukurasa uliokamilika.

Ni mfano wa masjala. Mwananchi husimama dirishani akataja namba ya jalada. Karani huingia ndani, hulifunua jalada, huandika barua ya majibu. Barua ile haikuwako kabla ya swali. Tena mwananchi haruhusiwi kuingia masjalani. Na programu ya sevani nayo haipaswi kuliamini neno lolote litokalo dirishani kabla ya kulipima.

Basi, kurasa hizi twaziitaje? Wako waziitao “kurasa zenye nguvu”. Jina hili limezaliwa na kamusi, si na jambo: mfasiri ameliona neno la kigeni lenye asili ya nguvu, akatua hapo. Msomaji atadhani ya kuwa kurasa tuli ni dhaifu. Wengine husema “kurasa hai”. Neno hili latamkika vizuri, lakini katika ofisi za madini leseni isiyokwisha muda huitwa leseni hai. Ukurasa hai wa leseni iliyokufa ni kitendawili asichokihitaji mtu. Wa tatu husema “kurasa zinazobadilika”, nao wamekaribia zaidi. Walakini hata ukurasa tuli hubadilika fundi akiuandika upya. Tofauti haimo katika kubadilika. Imo katika wakati wa kuundwa, na katika kitu kinachouunda.

Hapa ndipo Geita inapotufundisha. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, leseni ya uchimbaji mdogo ni ya raia wa Tanzania, nayo hudumu miaka 7, kisha huweza kuhuishwa. Mwaka 2015 Wizara ya Nishati na Madini ya wakati huo ilizindua mfumo wa leseni kwa mtandao, pamoja na ramani ya maeneo yenye leseni. Ramani ya namna hii huundwa kwa rekodi zilizopo saa ile inapoombwa. Tuseme mchimbaji wa Nyarugusu au wa Mwakitolyo amechapiwa ukurasa wa leseni dukani, akaukunja, na baada ya miezi sita akaukunjua mbele ya mtu atakaye kuingia naye ubia katika duara lake. Karatasi ile ilisema kweli siku ile. Tangu hapo leseni yaweza kuwa imekwisha au imefutwa. Aliyefundishwa ya kuwa ukurasa “una nguvu” ataishika karatasi yake kama hati. Aliyefundishwa ya kuwa ukurasa huundwa kila uombwapo atauomba tena kabla ya kutoa fedha. Na likionekana kosa, hatasema kompyuta imekataa. Atajua ya kuwa kosa limo katika rekodi, au katika kanuni iliyoandikwa na mtu, na mtu huyo aweza kuulizwa.

Wachimbaji hao hao wametuonyesha jinsi ya kupata maneno. Mashine ya kusagia mawe wameiita karasha, wala hawakuona haya kuazima. Lakini mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao hurudiwa ili kutoa dhahabu iliyosalia, wameuita marudio. Chombo kigeni wamekipokea na jina lake. Kitendo wamekitafutia kitenzi chao. Kwa kipimo hicho, seva ni karasha: na iitwe seva. Kuiita “mtumishi” ni kumtia mtu ndani ya mashine. Vilevile “programu za upande wa seva” ni maneno yaliyobebwa mzima mzima kutoka lugha nyingine, hali sisi tuna kiambishi -ni: sevani, kivinjarini.

Ukurasa wenyewe wataka kitenzi. Mimi nalivutwa kwanza na kutunga. Mtu hutunga ushanga, punje moja baada ya moja katika uzi, na ndivyo rekodi zinavyopangwa katika kiolezo. Lakini maneno ya kutunga ni pia maneno ya uongo, na leseni “iliyotungwa” mezani kwa mnunuzi wa dhahabu ingemfunga mwenyewe. Kwa hiyo naliacha neno zuri kwa ajili ya neno salama: kuunda. Tuseme kurasa ziundwazo, mbele ya kurasa tuli.

Yako maneno mengine, kama hifadhidata na kiolezo, ambayo yamekwisha kukubalika na hayahitaji kuguswa. Ninayoyaomba ni haya mawili tu: istilahi itokane na kitendo, na kabla ya kuingizwa katika orodha isomwe kwa sauti mbele ya wenye maduara. Wataalamu walionitangulia watayasahihisha yaliyopotoka.