Nyonga Bandia: Mlango wa Nyuma, wa Ubavuni au wa Mbele?

Siku ya pili baada ya kubadilishwa nyonga, kitu cha kuogopwa kuliko vyote wodini ni ndala iliyoteleza chini ya kitanda. Mgonjwa ameketi ukingoni, dawa imetuliza maumivu, anainama na kuutuma mguu ukaitafute, kidole gumba kikielekea ndani. Muuguzi anapiga kelele. Kitanda cha pili yuko aliyefanyiwa upasuaji uleule juzi, naye anavaa viatu vyake wala hakuna anayemkemea. Kiungo walichowekewa ni kimoja. Kilichotofautiana ni mlango alioingilia daktari.

Ndani kazi ni ileile. Kichwa cha fupa la paja kinakatwa kwa msumeno, tundu la nyonga linakwanguliwa gegedu lililochakaa, kikombe kipya kinapachikwa, kisha shina la chuma linashindiliwa ndani ya fupa na kuvishwa kichwa cha mviringo. Mpango huu tunaoufuata mpaka leo unatokana na daktari John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Uingereza. Alianza na vikombe vya Teflon, vikalika ndani ya miaka michache tu, ikambidi awapasue upya wagonjwa wake mwenyewe. Novemba 1962 akahamia kwenye polithini ngumu, na hiyo ikadumu. Ili aone vizuri, Charnley alikata ile nundu ya mfupa iliyo ubavuni mwa paja, akaiinua pamoja na misuli yake, na mwishoni akaifunga kwa waya. Waya nyingine zilikatika, na nundu nyingine hazikuunga. Madaktari wakaanza kutafuta namna ya kuingia bila kuikata nundu hiyo.

Mlango wa nyuma ndio uliozoeleka zaidi. Mgonjwa hulazwa ubavu. Msuli mkubwa wa tako haukatwi, unatanuliwa kufuata nyuzi zake. Chini yake kuna misuli mifupi inayougeuza mguu nje, na hiyo ndiyo inayong'olewa pale iliposhika fupa, pamoja na mfuko unaokizunguka kiungo. Daktari anapata nafasi ya kutosha, na misuli ya ubavuni inabaki salama. Lakini ukuta wa nyuma umeshatobolewa. Goti likipanda juu ya usawa wa nyonga huku mguu umegeukia ndani, kichwa bandia kinasukumwa kuelekea palepale penye mshono, na nyonga inateguka. Ndiyo maana muuguzi alipiga kelele.

Hapo ndipo yanapotoka masharti tunayopewa kwenye karatasi: usikunje nyonga kupita nyuzi 90, usipishanishe miguu, lala na mto katikati ya mapaja, kwa wiki 6 hadi 12. Karatasi hizo ziliandikwa kwa watu wa makochi. Kwetu nyuzi 90 zinapitwa kwenye mkeka, kwenye kigoda cha jikoni, kwenye sijida, na zaidi ya kote kwenye choo cha kuchuchumaa. Na wagonjwa wetu si wazee peke yao. Selimundu huziba damu isifike kwenye kichwa cha fupa la paja, mfupa ukafa, kijana akahitaji nyonga bandia akiwa bado na miaka mingi ya kuketi chini mbele yake.

Mambo mawili yamepunguza hatari ya kuteguka. La kwanza, siku hizi mfuko na misuli ile mifupi hushonwa tena kwenye mfupa. La pili ni ukubwa wa kichwa. Cha Charnley kilikuwa na kipenyo cha milimita 22. Leo 32 na 36 ni vya kawaida, na kichwa kikubwa hakina budi kusafiri mbali zaidi kabla hakijaruka nje ya kikombe. Kwa sababu hiyo baadhi ya madaktari wamelegeza masharti. Lakini kama daktari wako hajayalegeza, usiyalegeze wewe.

Mlango wa ubavuni aliueleza Kevin Hardinge, naye wa Wrightington, mwaka 1982. Unaacha ukuta wa nyuma mzima, hivyo kuteguka ni nadra. Gharama yake ni kuchechemea: sehemu ya msuli unaoshikilia kiuno inatolewa na kurudishiwa, na ukiunga vibaya, kila hatua upande wa pili wa kiuno unashuka. Wengine hubaki na bakora muda mrefu.

Mlango wa mbele ndio unaosifiwa siku hizi. Si mpya, daktari Judet aliutumia Paris tangu miaka ya 1940. Daktari anapita katikati ya misuli miwili, hang'oi wowote, na kwa kuwa mgonjwa amelala chali, eksirei inaweza kupima urefu wa miguu papo hapo. Wiki za mwanzo mgonjwa wake huyaacha magongo mapema zaidi. Matangazo yanaishia hapo. Hayasemi kwamba ngozi ya paja inaweza kufa ganzi kwa miezi, wala kwamba shina la fupa halifikiki kirahisi, hivyo daktari anayejifunza njia hii anaweza kulivunja. Hayasemi pia kwamba kidonda kilicho chini ya mkunjo wa tumbo kubwa huchelewa kupona. Miezi michache ikipita, wa mbele na wa nyuma wanatembea sawa.

Kwa hiyo mimi singesafiri kwenda nchi nyingine kuutafuta mlango wa mbele. Ningemchagua daktari aliyepita mlango wake mara mia kuliko anayejaribu wa kisasa kwangu. Muulize wako ameupita mara ngapi, na ni mkao gani hasa unaokatazwa. Kwa aliyefunguliwa mbele hatari ni kuurudisha mguu nyuma huku umegeukia nje. Na kiti cha choo kinunuliwe kabla ya siku ya upasuaji.