Mcheza Kwao Hutunzwa

Mwaka 1971 nilikuwa mwanachuo wa ualimu, na darasa letu liliigiza Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969. Chuo chetu siku zile kilikuwa cha wanaume watupu. Kwa hiyo yule bibi tajiri anayejigeuza mwanasheria aliigizwa na mwenzetu mmoja mwembamba, aliyeazimwa khanga na mke wa mkufunzi. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Alipofikia maneno yake ya kuomba huruma mbele ya baraza, hatukuyasikia. Tulikuwa tunatazama khanga.

Jambo hilo lilikuwa limelala kichwani mwangu zaidi ya miaka hamsini, na sinema moja ndiyo iliyoliamsha. Mjukuu wangu, anayejifunza upigaji picha, aliniwekea kompyuta yake mezani akasema, "Babu, tazama hii. Yote imepigwa kwa simu." Filamu hiyo inaitwa Tangerine. Iliongozwa na Mmarekani Sean Baker, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance mwezi Januari 2015. Ni kweli ilipigwa kwa simu za iPhone 5s zilizoongezewa lenzi, na gharama yake ilikuwa kiasi cha dola 100,000, fedha kidogo mno kwa sinema ya Marekani. Mjukuu alitaka nistaajabie simu. Mimi niliinuka pale nikiwa na jambo jingine moyoni.

Kisa chenyewe si kirefu. Ni mkesha wa Krismasi mjini Los Angeles, na jua ni kali. Wanawake wawili waliobadili jinsia, yaani waliozaliwa wakaandikwa wavulana na sasa wanaishi kama wanawake, wamekaa katika duka la donati huko Hollywood, wakigawana donati moja. Wote wawili hupata riziki yao kwa ukahaba. Mmoja, Sin-Dee, ametoka gerezani baada ya siku 28. Mwenzake, Alexandra, anaropokwa kwamba bwana wa Sin-Dee, ambaye pia ni kuwadi wake, amekuwa na mwanamke mwingine. Basi Sin-Dee anatimka kumsaka huyo mwanamke, na filamu ya dakika 88 inamkimbilia nyuma.

Alexandra hakimbii. Yeye ana shughuli yake: anapita mitaani akigawa vikaratasi vya kutangaza kwamba usiku ule ataimba katika baa fulani, na kila amjuaye anakaribishwa. Usiku unaingia, anapanda jukwaani, na ukumbi uko karibu mtupu. Rafiki aliyefika ni Sin-Dee peke yake, naye amekuja akimburuta yule mwanamke aliyemkamata. Alexandra anaimba wimbo wa zamani wa Krismasi, taratibu, kana kwamba viti vyote vimejaa. Baadaye tunang'amua kwamba hakulipwa kuimba. Yeye ndiye aliyewalipa wenye baa ili wamruhusu kusimama pale.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Msomaji ameona mwenyewe ngomani: mchezaji akikolea, mtu hutoka kitini na noti akamtuza mbele ya watu. Huyu naye amecheza kwao, katika mitaa anayoijua kila kona, lakini mkono uliotoa noti ni wake mwenyewe. Kwa maoni yangu filamu nzima imo katika jambo hilo. Mengine yote ni mbio.

Aliyeigiza Alexandra anaitwa Mya Taylor, naye ni mwanamke wa aina hiyo hiyo katika maisha yake. Nilifundisha fasihi kwa miaka mingi kabla sijawa mwalimu mkuu, na siku zote niliwaambia vijana wangu kwamba mwigizaji mchanga hujulikana kwa kutoa kila alichonacho, na aliyekomaa hujulikana kwa kile anachokizuia. Hii ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza katika filamu, lakini anazuia kama mkongwe. Mteja anapokataa kumlipa, anapigania haki yake mwili mzima. Lakini akiwa jukwaani haombi huruma ya mtazamaji hata kidogo. Uso wake umetulia, shingo imenyooka, macho yanautazama ukumbi uleule mtupu. Mwigizaji wa kawaida angetulilia pale. Yeye anatuachia sisi kazi ya kulia, tukitaka.

Filamu ina kasoro zake, na mhakiki asiyezitaja ni mpiga debe. Muziki wake unapigwa kwa kishindo mno. Magomvi yanarudiwa hata yanapoteza makali. Matusi ni mengi, na siwezi kumshauri mtu aitazame pamoja na watoto wake. Sehemu ya dereva wa teksi na mama mkwe wake mwishoni inaelekea kuwa kichekesho cha kelele. Tena lipo swali zito zaidi: kwa nini mwanamke wa namna hii, kila anapopewa nafasi katika sinema, apewe nafasi ya kahaba? Jibu moja nimelipata katika habari ya jinsi filamu ilivyotengenezwa. Baker alimkuta Mya Taylor katika kituo cha jamii huko Hollywood, na visa vingi vya filamu vilitokana na mazungumzo yake na wenyeji wa mitaa ile. Taylor alimtaka aonyeshe ukweli wa mambo bila kuficha, lakini pia afanye watu wacheke. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kuvalishwa tu na kusukumwa mbele ya kamera. Naye alikuwa na neno katika kazi.

Taylor ameeleza hadharani kwamba kabla ya hapo alitafuta ajira za kawaida, akapeleka maombi mengi sana na kuitwa kwenye usaili, lakini akakosa. Kitambulisho chake kilisema jambo moja na sura yake ikasema jingine.

Hapo nilimwomba mjukuu asimamishe picha. Katika miaka ya themanini, nikiwa mkuu wa shule, alikuja kijana kuomba ualimu wa muda wa hisabati. Tulikuwa na upungufu mkubwa. Cheti chake kilikuwa na alama nzuri, lakini jina lililoandikwa lilikuwa la utotoni, na yeye alikuwa akitumia jina jingine baada ya kubadili dini. Nilimwambia alete hati ya kiapo. Alinieleza kwamba hakuwa na nauli ya kwenda mjini kwa hakimu na kurudi. Nikamwambia utaratibu ni utaratibu. Hakurudi, na kidato cha tatu kilikaa bila mwalimu wa hisabati mpaka mwisho wa mwaka. Habari yake si sawa na ya Mya Taylor, nami sizichanganyi. Lakini najua jinsi mwenye meza anavyojisikia anapokilinganisha cheti na uso. Hujiona mwadilifu. Wala hamwoni mtu anayeondoka mlangoni.

Najua wako wasomaji wa rika langu watakaoguna kwamba mzee huyu kapatwa na nini hata asifie mambo haya. Sikuandika ili kubishana juu ya dini ya mtu. Naandika juu ya kazi, na kazi iliyofanywa vizuri ina haki ya kusemwa kuwa imefanywa vizuri, bila kujali jina lililomo kwenye kitambulisho. Hiyo ndiyo kanuni niliyosahihishia mitihani.

Sasa tuangalie malipo. Mwaka 2014 Jared Leto, mwanamume, alipata tuzo ya Oscar kwa kuigiza mwanamke wa namna hii katika Dallas Buyers Club. Mwaka 2015, mwaka uleule wa Tangerine, Eddie Redmayne, mwanamume pia, aliigiza mwingine katika The Danish Girl, naye akateuliwa kuwania Oscar. Wasambazaji wa Tangerine waliwafanyia kampeni Taylor na mwenzake Kitana Kiki Rodriguez, aliyeigiza Sin-Dee. Hakuna aliyeteuliwa. Kuigiza ni kuwa usiye, hilo silikatai. Nisingeweza kulikataa, maana nilipiga makofi kwa ajili ya khanga. Lakini chuoni kwetu bibi hakupatikana. Huko Hollywood walikuwapo, tena mlangoni, na vyeti vyao vikarudishwa.

Tuzo walizozipata zilitoka kwa watu wa filamu huru, zile zinazotengenezwa nje ya makampuni makubwa. Mwishoni mwa 2015 Taylor alipata tuzo ya Gotham ya mwigizaji anayechipukia, na Februari 2016 akapata Independent Spirit ya mwigizaji msaidizi wa kike, wa kwanza wa namna yake kuitwaa. Baada yake njia imefunguka kidogo. Mwaka 2018 filamu ya Chile, Una mujer fantástica, iliyobebwa na Daniela Vega, ilishinda Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, na mwaka 2025 Karla Sofía Gascón aliteuliwa kuwania ile ya mwigizaji bora wa kike. Taylor mwenyewe ameendelea: mwaka 2018 aliigiza Marsha P. Johnson katika filamu fupi ya Happy Birthday, Marsha!, na mwaka 2020 alionekana katika Stage Mother. Ni kazi za heshima, lakini kwa mwenye kipawa kile ni chache. Sean Baker alinyakua Oscar nne mwaka 2025 kwa filamu yake Anora. Simwonei kijicho, amezistahili. Ila tuzo kwa mwongozaji huwa ngazi, na kwa mwigizaji wa namna hii huwa picha ya kutundika ukutani.

Yule mwenzetu aliyevaa khanga alikuja kuwa mwalimu mzuri sana wa lugha. Tulipokutana tukiwa wastaafu wote wawili, nilimkumbusha maigizo yale, nikacheka tena. Yeye hakucheka. Aliniambia alikesha usiku mwingi akiyakariri maneno yale ya huruma, na kwamba usiku wa maonyesho hakuna hata mmoja wetu aliyemsikiliza. Sikuwa na la kumjibu. Amekwisha kufariki. Mjukuu aliporudisha tena pale Alexandra anapoimba, nilikaa kimya nikasikiliza mpaka mwisho.