Gonga Chasisi Kwanza: Kuchagua Pikapu ya Kazi Pwani ya Mtwara

Pikapu inayofanya kazi kati ya Mtwara mjini na mdomo wa Ruvuma haipumziki. Asubuhi inabeba saruji na mabati kwenda Msimbati kupitia Madimba, ulipo mtambo wa kusafisha gesi ya Mnazi Bay. Jioni inarudi na samaki, nazi au chumvi. Minada ya korosho ikifunguliwa mwezi Oktoba, inapandishwa Tandahimba na Newala, kwenye uwanda wa Makonde, ambako barabara za udongo zinaisubiri na mvua ziko njiani. Na mara nyingi nyuma yake kuna tela: la boti ya faiba, la tanki la maji, la jenereta. Mtu anayetafuta gari la namna hii kwa fedha kidogo hana nafasi ya kukosea, kwa sababu gari hilo ndilo mtaji wake wote.

Wanunuzi wengi huanza kwa kufungua boneti. Nasema anza kwa kulala chini. Injini ya Hilux au Land Cruiser ikichoka hufunguliwa, ikishindikana hununuliwa nyingine ikafungwa, na mafundi wa kazi hiyo wapo. Chasisi iliyoliwa na kutu haina dawa. Itachomelewa kiraka, kitapakwa rangi, na siku utakapoifungia tela la tani moja, kiraka hicho ndicho kitakachovutwa.

Kutu ya pwani hii haiji kwa upepo wa kusi peke yake. Ukitoka Msimbati kwenda Ruvula, madereva husubiri maji yakipwa wapite ufukweni, kwenye mchanga ulioshikana. Mchanga huo umelowa maji ya bahari, na magurudumu huurusha moja kwa moja chini ya gari. Chasisi ya pikapu ni boksi la chuma lenye matundu. Maji na mchanga huingia kwenye matundu hayo na kukaa humo, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Nje unaona rangi safi, ndani chuma kimebaki ganda. Ndiyo maana rangi nyeusi mpya chini ya gari kuukuu inapaswa kukuongezea mashaka badala ya kukutuliza.

Chukua tochi na nyundo ndogo. Gonga chasisi kidogokidogo kutoka mbele hadi nyuma, pande zote mbili. Chuma kizima hulia kwa ukali na nyundo hudunda mkononi. Kilichooza hutoa sauti butu, na magamba hudondoka. Kaa zaidi pale chasisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, kwenye vishikio vya springi, kwenye vikalio vya kebini, na kwenye chuma cha mwisho kinachounganisha pande mbili kule nyuma, kwani hicho ndicho kinachobeba mvuto wa tela. Tia kidole kwenye matundu. Kikitoka na mchanga wenye chumvi, umeshajua gari limeishi wapi. Muuzaji akikuzuia kugonga, agana naye kwa heshima uondoke.

Usidhani gari lililoshuka bandarini juzi limesalimika na chumvi. Uingereza na kaskazini mwa Japani barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi kuyeyusha barafu, na gari lililozunguka huko miaka kumi limeshaliwa kabla halijafika Tanzania. Jambo hili linaigusa Hilux hasa. Toyota iliacha kuiuza nchini Japani mwaka 2004 na kuirudisha mwaka 2017, kwa hiyo Hilux za miaka hiyo ya katikati zinazokuja kama mitumba hutoka kwingine, na zimo zilizotoka Uingereza. Uliza ilikotoka, kisha ugonge. Land Rover za zamani zina mtego wao wenyewe: bodi ni ya aluminiamu, haishiki kutu nyekundu, ikasimama vizuri machoni juu ya chasisi ya chuma iliyokwisha.

Chasisi ikipita, nenda kwenye ndoano ya kuvutia. Ndoano halali imefungwa kwa bolti kwenye chasisi yenyewe, ikiwa na vipande vya chuma vya kutawanya mzigo. Iliyochomelewa kwenye bampa ni hatari kwako na kwa anayekufuata barabarani. Tazama nyufa kuzunguka matundu ya bolti, na tazama kama mpira wa ndoano umelika upande mmoja. Springi za nyuma nazo husema. Gari likiwa tupu, majani ya springi yawe bado yamepinda. Yakiwa yamenyooka, au upande mmoja umelala kuliko mwingine, gari limebeba kupita uwezo wake kwa muda mrefu, na ulicholipia ni mabaki ya uwezo huo.

Hapa kuna hesabu ambayo wengi wetu hatuifanyi. Hilux mpya ya lita 2.8 na Land Cruiser 79 zimepewa na mtengenezaji uwezo wa kuvuta hadi kilo 3,500, na wauzaji huitaja namba hiyo kwa fahari. Ni namba ya tela lenye breki zake lenyewe. Kwa tela lisilo na breki, kiwango ni kilo 750 tu. Sasa angalia matela yanayoundwa karakana za mjini: ekseli ya gari bovu, vyuma vya pembe, magurudumu mawili, breki hakuna. Weka juu yake tanki la lita 1,000. Maji hayo peke yake ni kilo 1,000, kabla hujahesabu tanki na chuma cha tela. Umeshapita kiwango ukiwa bado hujawasha gari. Tanki likiwa nusu ni balaa jingine, maana maji hukimbilia mbele kila ukikanyaga breki na kurudi nyuma ukiachia. Fedha ya kuweka breki kwenye tela ihesabiwe ndani ya bei ya gari tangu mwanzo. Na mzigo upangwe ili sehemu moja ya kumi hivi ya uzito wote wa tela ikandamize ndoano. Ukikaa nyuma mno, tela litaanza kuyumba na kuivuta pikapu nayo.

Wanaoshusha boti majini waongeze kipimo kimoja. Kila ekseli ina tundu dogo la kupumulia. Ekseli yenye joto ikizamishwa ghafla baharini, hewa ya ndani hupoa na kunywea, na kama tundu hilo limeharibika au sili zimechoka, maji ya chumvi huvutwa ndani ya difu. Legeza bolti ya chini umwage oili kidogo. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, beringi na meno ya difu hiyo vimeshaanza kuharibika. Fungua na ngoma za breki za nyuma, uone kilichomo.

Kisha foo-wili. Katika mchanga wa Msimbati gari linalovuta kwa magurudumu mawili ni mzigo mwingine wa kuvutwa, na zipo pikapu zilizoinuliwa na kuvishwa matairi makubwa zikafanana kabisa na za foo-wili. Nyingine zilikuwa nayo kweli, lakini propela shafti ya mbele ilivunjika, ikang'olewa, na nafasi yake imebaki wazi. Usimwulize muuzaji, chungulia. Ikiwepo, lipeleke gari mchangani, ingiza gia, na mtu asimame pembeni aone kama magurudumu ya mbele yanachimba. Ingiza na gia nzito, uende nayo mbele na nyuma. Ukisikia mgongano mzito kila unapobadili mwelekeo, misalaba ya propela imelegea. Klachi ipime mahali tambarare: vuta hendibreki, weka gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo, achia klachi taratibu. Injini ikizima, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma na gari limetulia, weka bei ya klachi mpya kwenye mazungumzo.

Sasa injini. Fika asubuhi, ushike boneti kabla ya salamu kuisha. Ikiwa ya moto, gari limeshawashwa ili uwakaji mgumu wa asubuhi usiuone. Rudi siku nyingine bila kutoa taarifa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi mzito ni nozeli au chujio la hewa, na mweupe usiokoma baada ya injini kupata joto unaelekeza kwenye gasketi au silinda hedi. Injini ikiwa inaunguruma polepole, fungua mfuniko wa oili. Mvuke mdogo ni wa kawaida, lakini moshi unaosukuma kwa nguvu na kutaka kurusha mfuniko maana yake pistoni na ringi zimekwisha. Angalia rejeta pia, injini ikiwa baridi. Watu wengi wa pwani huijaza maji ya kisima, na maji ya visima vyetu mengi yana chumvi. Rejeta iliyoziba haitakusumbua ukiwa tambarare ya Mtwara. Itakusumbua ukiwa na tela kwenye mpando wa kutoka bonde la Ruvuma kwenda Newala.

Kwa kazi hii naamini katika injini za dizeli zisizo na turbo. Ya kwanza ni 5L ya lita 3.0, iliyomo kwenye Hilux za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ya pili ni 1HZ ya Land Cruiser, yenye silinda sita na lita 4.2, iliyoanza kufungwa mwaka 1990. Hazina mbio. Zinavuta taratibu, zinavumilia, na pampu yake fundi wa kawaida anaifahamu. Zote mbili zinatumia mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali hugongana na pistoni na injini imekwenda. Kama muuzaji hana ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa. Ile 2L-T ya lita 2.4 yenye turbo iepuke kwa kazi ya kuvuta, maana silinda hedi yake inajulikana kwa kupasuka ikipata joto.

Hilux za kuanzia 2005, za komoni reli, zina nguvu zaidi na zinakula mafuta kwa adabu. Tatizo ni dizeli. Nozeli zake hufanya kazi kwa presha kubwa mno na hazivumilii maji wala uchafu, nasi huku vijijini dizeli mara nyingi tunainunua kwenye madumu. Seti ya nozeli ni ghali kiasi cha kufuta unafuu wote uliopata kwenye bei. Mwenye nidhamu ya kujaza kituoni na kubadilisha chujio kwa wakati anaweza kuinunua. Wengine wasubiri.

Magari ya serikali na ya miradi, yenye namba za STK, SU au DFP, huishia minadani, na tangazo husema gari linauzwa kama lilivyo na mahali lilipo. Yachukulie maneno hayo kama yalivyoandikwa. Hutapewa safari ya majaribio ndefu, kwa hiyo siku ya kukagua ndiyo siku yako pekee. Nenda na fundi na nyundo. Faida ya magari haya ni kwamba mengi yalinunuliwa mapya na yana historia moja. Hasara ni kwamba yaliyofika mnadani yalifikishwa huko kwa sababu, na hiyo ndiyo unayokwenda kuitafuta.

Dalali atakuambia “namba D hii, bosi.” Herufi ya namba inaeleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, haielezi liliundwa lini. Mwaka wa kuundwa utafute kwa namba ya chasisi, na namba hiyo uisome kwenye chuma chenyewe, si kwenye kadi peke yake. Kama eneo lililochongwa namba limesuguliwa au kuchomelewa, usinunue kwa bei yoyote. Linganisha na namba ya injini, hakikisha kadi haijashikwa na benki, angalia madeni ya faini za barabarani, na uhamishe umiliki TRA mara moja. Ukiagiza nje, tumia kikokotoo cha kodi kilicho kwenye tovuti ya TRA kabla ya kutuma hata shilingi.

Kwa mwenye mfuko mdogo na kazi ya kweli kati ya mjini, Msimbati na uwanda wa Makonde, hukumu yangu ni Hilux ya 5L, singo kebini, foo-wili kamili. Singo kebini ina karai refu: gunia la korosho ghafi lina kilo 80 hivi, na magunia kumi na mawili yanalala vizuri bila kupita tani moja. Dabo kebini hubeba watu na kupunguza mzigo. Land Cruiser ni bora zaidi kwa kuvuta, ila bei yake haishuki, na iliyo nafuu kupita kawaida huwa imeoza. Ukilazimika kuchagua kati ya injini iliyochoka juu ya chasisi nzima na injini mpya juu ya chasisi iliyokwisha, chukua ya kwanza bila kusita. Bakiza moja ya tano ya fedha yako kwa ajili ya mkanda, oili zote, breki na matairi. Na ukishaipata, kila ukitoka ufukweni ioshe chini kwa maji baridi siku hiyohiyo, ukipitisha mpira kwenye matundu yote ya chasisi mpaka maji yatoke masafi.