Jinsi Padri Sacleux Alivyokusanya Mimea ya Bagamoyo

Charles Sacleux, padri Mfaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, alifika Zanzibar mwaka 1879 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akafanya kazi kisiwani na Bagamoyo hadi mwaka 1898. Wasomi wa Kiswahili wanamjua kwa kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa, iliyotoka Paris kwa mafungu mawili, 1939 na 1941. Wataalamu wa mimea wanamjua kwa mimea mikavu yenye jina lake na namba, iliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Asili ya Paris. Kazi hizi mbili huelezwa kila moja peke yake, jambo ambalo huzipunja zote mbili.

Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa mwaka 1868 chini ya Padri Antoine Horner. Ilikuwa na mashamba ya minazi, kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, shule na karakana. Kwa mtu wa mimea, mahali kama hapo palimpa paa lisilovuja, meza, karatasi, na majahazi ya kwenda Unguja. Mbuyu wa misheni, ule wenye mnyororo uliomezwa na gome, ndio unaopigwa picha na kila mgeni. Mkusanyaji hakuwa na sababu kubwa ya kuuhangaikia, maana mbuyu ulikuwa umekwisha kupewa jina la kisayansi Ulaya tangu karne ya 18. Kilichomfaa zaidi ni mtandao wa vituo vya bara. Mhonda, chini ya milima ya Nguru, ilifunguliwa mwaka 1877. Mandera, upande wa mto Wami, mwaka 1881. Morogoro, chini ya Uluguru, mwaka 1882. Anayesafiri baina ya vituo hivyo huanzia kwenye mikoko, akapita vichaka vya Pwani na nyika kavu, akamalizia kwenye misitu ya milima inayopata mvua nyingi. Njia iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi ya kanisa ikawa, bila kukusudiwa, mkato mzuri wa uoto wa nchi kutoka bahari hadi mlimani.

Tofauti kubwa kati ya Sacleux na wanasayansi wengine waliokusanya Pwani wakati ule ni kwamba yeye alikuwa mkaazi. Johann Maria Hildebrandt, Mjerumani aliyekusanya mimea mingi ya Zanzibar na Afrika Mashariki katika miaka ya 1870, alikuwa msafiri. Franz Stuhlmann aliondoka Bagamoyo na msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Emin Pasha mwezi Aprili 1890, akakusanya njia nzima hadi maziwa makuu na Ruwenzori. Msafara hauwezi kungoja ua lichanue. Mti wa Pwani unaweza kutoa maua kabla ya masika, na matunda yake yakakomaa miezi kadhaa baadaye, wakati mpita njia amekwisha kufika Tabora. Mara nyingi ua pekee halitoshi kuutambua mti, wala tunda pekee. Mkaazi huurudia mti ule ule mpaka apate vyote viwili. Miaka ya vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, 1888 na 1889, safari za bara zilikuwa za hatari na misheni ikajaa wakimbizi. Hata hivyo mimea ya uwanjani na ya ufukweni ilikuwa pale pale.

Mbinu ya kuhifadhi ilikuwa ileile iliyotumika Ulaya. Tawi lenye maua au matunda hukatwa, likatandazwa kati ya karatasi zinazonyonya maji, jani moja likageuzwa ili mgongo wake uonekane. Fungu zima hubanwa kati ya mbao mbili kwa kamba au mawe. Karatasi zilizolowa hutolewa na kavu zikatiwa, kila siku mwanzoni, kisha kwa nafasi. Ulaya kazi hiyo huishia hapo. Bagamoyo ndipo inapoanza kuwa ngumu.

Adui wa kwanza ni unyevu wa bahari. Wakati wa masika, karatasi iliyoanikwa asubuhi haikauki sawasawa, na ikirudishwa kwenye fungu inarudi na maji yake. Ukungu huota kwa siku chache, majani yakawa meusi na kupukutika kwenye vikonyo. Dawa ni moto mdogo wa makaa chini ya fungu, wenye joto la kadiri: ukizidi, majani yanaiva badala ya kukauka. Mikoko ina taabu yake ya ziada. Jani la mchu hutoa chumvi juu ya ngozi yake, na chumvi huvuta maji hewani, kwa hiyo tawi lililokwisha kukauka linaweza kulainika tena. Okidi na mimea mingine minene huendelea kuishi ndani ya mbano kwa wiki kadhaa isipochovywa kwanza kwenye maji ya moto ili ife. Mimea ya jamii ya mbungo hutoa utomvu unaogandisha karatasi. Tunda la mkomafi halibaniki kabisa. Hukaushwa pembeni, likafungwa namba ya tawi lilikotoka, na mtu akisahau namba hiyo amebaki na kitu kisicho na mwenyewe.

Baada ya ukungu huja mchwa na mende. Sampuli hazikai salama nyumba ya Pwani kwa muda mrefu, na hiyo ni sababu moja ya kuzituma mbali mapema. Kutoka Bagamoyo mizigo ilivuka kwa jahazi hadi Unguja, ikapakiwa melini kwenda Ufaransa kupitia Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869. Makumbusho ya Ulaya wakati huo yalizoea kupaka sampuli chumvi za zebaki kuua wadudu, sumu ambayo hadi leo inawalazimu wanaoshika makaratasi ya zamani kuwa waangalifu.

Namba ndiyo uti wa kazi yote. Kila mkusanyo wa mmea mmoja, mahali pamoja, siku moja, hupewa namba moja, na nakala zake zote hubeba namba hiyo hiyo popote zitakapopelekwa. Mtaalamu wa Paris akitaja jina la Sacleux na namba, mwenzake wa London au Berlin anaweza kuitazama nakala yake na kukubali au kupinga. Henri Baillon, mtaalamu wa mimea wa Paris, alizipitia sampuli za Sacleux, na mwaka 1890 akatangaza jenasi mpya aliyoiita Sacleuxia. Moja ya spishi zake leo inaitwa Sacleuxia newii, na hivyo mmea mmoja umebeba wamisionari wawili wa madhehebu tofauti: huyu Mkatoliki wa Bagamoyo, na Charles New, Mmethodisti wa Mombasa aliyefika kwenye theluji ya Kilimanjaro mwaka 1871. Jina la Sacleux limo pia katika Campylospermum sacleuxii.

Lakini heshima za majina ya Kilatini si kipimo kizuri cha kazi hii. Wakusanyaji wengi walipewa spishi, hata wale waliokaa wiki mbili. Jambo gumu zaidi ni kufunga jina la Kiswahili kwenye mmea ulio sahihi. Mfano ni mbungo. Jina hilo hutumika kwa Landolphia kirkii, mtambaazi uliotoa mpira mwingi uliouzwa kutoka Pwani, uliopewa jina la John Kirk, konseli wa Uingereza Zanzibar. Hutumika vilevile kwa Saba comorensis, wenye majani makubwa zaidi na mabungo ya kutengenezea sharubati. Mwandishi wa kamusi anayesikia neno na kuandika tu kwamba ni mtambaazi wenye matunda hajakosea, ila hajamsaidia mtu. Upande wa pili, mkoko mmoja, Bruguiera gymnorhiza, ni msinzi kwa wakata boriti wa Tanzania na muia kwa wa Lamu. Bila tawi lililokaushwa, majina hayo mawili yangeweza kuandikwa kama miti miwili.

Hapa ndipo ufundi wa padri unapoonekana. Kamusi yake hutaja lahaja ambamo neno linasemwa, na kwa mimea mingi huongeza jina la Kilatini. Jina la Kilatini linahitaji mtaalamu aliyeuona mmea, na mtaalamu wa Paris anahitaji sampuli. Mnyororo huo una ncha ya tatu, wenyeji, kwa sababu jani haliji na jina lake. Wavuvi, wakata miti, waganga na akina mama waokota kuni ndio wanaojua kwamba miti miwili inayofanana ina majina mawili, na kwa nini.

Kasoro zipo. Lebo za karne ya 19 kwa kawaida ni fupi mno: mahali huandikwa kwa jina la mji au kituo, bila mwinuko wala aina ya udongo. “Bagamoyo” juu ya lebo inaweza kuwa ua wa misheni, ufukwe, au kichaka cha mwendo wa nusu siku. Wahariri wa kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki, kilichotolewa kwa sehemu nyingi kuanzia 1952 hadi 2012, waliitaja mikusanyo ya Sacleux, wakilazimika kukubali ufupi huo.

Leo mamilioni ya makaratasi ya Paris yamepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, na mtafiti wa Saadani au wa msitu wa Zaraninge anaweza kulinganisha tawi alilokata jana na lililokatwa wakati wa Sultani Barghash wa Zanzibar. Atajua kama mmea ulikuwapo. Hatajua ulikuwa mwingi kiasi gani, kwa kuwa mkusanyaji huchukua tawi moja la mti ulioenea kote, na tawi moja la mti ulio peke yake.