Insafu Chini ya Gari

Katika kazi zote zifanywazo kwa mikono chini ya miembe ya Ngamiani na katika nyua za Makorora na Chumbageni, mjini Tanga, sijui kazi yenye insafu zaidi, wala yenye kusifiwa haba zaidi, kuliko ya yule fundi ambaye, pasipo mashine ya taa wala kompyuta, huzifungua breki zilizokamata na kuyarejesha magurudumu ya gari katika mwendo mnyofu. Mchonga milango husifiwa na kila apitaye barazani, na mjenzi wa jahazi hutajwa kwa jina hata baada ya kufa kwake. Lakini fundi wa breki akiitimiza kazi yake kwa ukamilifu, alama pekee ya ukamilifu huo ni kwamba hakuna jambo lililotokea. Gari limekwenda, limepinda kona, limesimama, na abiria ameshuka akaenda zake bila ya kujua kwamba salama yake imetoka kwa mtu aliyelala chali juu ya gunia la mkonge.

Maradhi mawili ninayoyasema, usukani usio sawa na breki inayong'ang'ania, yana tabia ya kuigizana. Gari ambalo breki ya gurudumu moja la mbele imekamata huvuta kuelekea upande wa gurudumu hilo, maana upande mmoja umezuiwa ilhali wa pili uko huru. Na gari ambalo magurudumu yake ya mbele hayaelekei sawasawa hutangatanga njiani, au humlazimu dereva kuushika usukani umepinda ili gari lenyewe liende moja kwa moja. Dereva huhisi jambo moja tu mikononi mwake, nalo ni kwamba gari halimtii. Hapo ndipo dhuluma inapoanza: tairodi, yaani ufito unaoyageuza magurudumu ya mbele, kwa kuwa iko mbele ya macho na spana huifikia bila taabu, hushitakiwa, huhukumiwa na kuzungushwa bila ya shahidi hata mmoja, mpaka usukani ukaonekana umekaa katikati. Mwenye gari hufurahi, hulipa, huondoka. Kumbe kilichofanyika ni kulitia gari kasoro ya pili ili iifiche ya kwanza. Breki ingali imekamata, petroli ingali ikipotea, tairi nalo sasa laliwa upande, na siku dereva atakapokanyaga kwa nguvu katika kona za kuteremka Lushoto kwenda Mombo, barabara imelowa kwa ukungu wa Usambara, kasoro zote mbili zitamdai kwa pamoja.

Kwa hiyo taratibu ya kazi hii ina heshima yake, na heshima hiyo huanza kabla ya spana kushikwa. Fundi mwema huliendesha gari mwendo mfupi bila ya kukanyaga breki sana, kisha hulisimamisha mahali tambarare na kusogeza mgongo wa kiganja karibu na kila rimu, pasipo kuigusa, akilinganisha joto. Gurudumu lililokamata hujisema lenyewe kwa joto, na mara nyingi kwa harufu pia. Ndipo huweka mawe nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini, akalinyanyua gari kwa jeki na kuliegemeza juu ya stendi ya chuma; si juu ya jeki peke yake, wala si juu ya matofali, ambayo hupasuka bila ya kutoa onyo. Gurudumu huzungushwa kwa mkono, breki hukanyagwa na kuachiliwa, na gurudumu huzungushwa tena. Likikataa kuzunguka, fundi hulegeza kidogo nipeli ya kutolea upepo: mafuta yakiruka na gurudumu likafunguka, basi shinikizo lilikuwa limenaswa njiani, na aghalabu mwenye hatia ni bomba la mpira ambalo kwa nje ni zima kabisa na kwa ndani limevimba hata likawa mlango uruhusuo kuingia na kukataza kutoka. Lisipofunguka, ubishi umo ndani ya kalipa yenyewe, lile koleo la breki ya disiki.

Nataka msomaji anisubiri hapa kidogo, kwa sababu ndani ya kalipa mna jambo ambalo kila nikiliona hunistaajabisha. Pistoni inayosukuma pedi za breki haina springi ya kuirudisha. Kilichoizunguka ni mduara mmoja wa mpira, uliokaa katika mfereji wake, ukiikumbatia pistoni kwa nguvu. Pedali ikikanyagwa, pistoni husonga mbele, na mpira, kwa kuwa umeishika, hujipinda kidogo pamoja nayo bila ya kuiachilia; pedali ikiachiliwa, mpira hutaka kurudi katika umbo lake, na katika kurudi huivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Ni hiyo tu. Katika nafasi hiyo ambayo jicho haliioni ndimo gurudumu linamopata uhuru wake. Kutu kidogo juu ya pistoni, au mpira uliovimba kwa sababu mtu alijaza mafuta ya injini katika kikombe cha breki, hutosha kuiondoa nafasi hiyo, na breki ikabaki imeshika mchana kutwa. Mwingereza Frederick Lanchester aliisajili breki ya disiki mwaka 1902, lakini ilipita nusu karne kabla ya dunia kuiamini, mpaka gari la Jaguar liliposhinda mashindano ya Le Mans ya mwaka 1953 likiwa na breki za namna hiyo. Na leo imo katika karibu kila gari dogo kuukuu linaloshuka melini kutoka Ujapani.

Mara nyingi zaidi, hata hivyo, pistoni haina kosa, na lililokwama ni pini mbili ambazo kalipa huteleza juu yake. Pini hizo ni nyembamba kama kidole, zimefunikwa kwa vibuti vya mpira, na kibuti kikichanika, upepo wa bahari huingia. Sisi wa Tanga tunaujua upepo huo: hula mabati, hula bawaba, hula nondo za dirisha, seuze pini ya chuma iliyokauka grisi. Magari yachukuayo samaki kutoka soko la Deep Sea hudondokewa na maji ya chumvi njia nzima, na kazi ambayo gari la Korogwe huidai baada ya miaka, magari hayo huidai baada ya miezi. Dawa yake ni nyepesi mno kiasi cha kutia haya: pini huchomolewa, husuguliwa kwa msasa mwembamba, hufutwa, hupakwa grisi isiyodhuru mpira, hurudishwa. Watu wa pwani hii, ambao tangu mababu hawakuthubutu kuacha jahazi bila ya kulipandisha ufukoni, kuliparuza na kulipaka shahamu, leo huacha pini ya breki miaka mitano bila ya tone la grisi, kisha hulaumu gari!

Mafuta ya breki nayo yana kiu ambayo wengi hawaijui. Hunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu wa kutosha. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakiisha kunywa maji kiasi cha asilimia 3.7 kanuni hiyo hushuka hadi nyuzi 140. Breki iliyokamata huzalisha joto hilo bila ya shida, na mafuta yakichemka mvuke huchukua mahali pake, na mvuke haubebi uzito wa mguu: pedali huzama hadi chini.

Ni baada ya magurudumu yote kuzunguka kwa uhuru, bushi na boljointi kukaguliwa, na matairi kujazwa upepo sawa, ndipo fundi anapopata haki ya kuigusa tairodi. Nilipata kumsikia mzee mmoja akimwambia mwanagenzi wake aliyekwisha kushika spana, "Mwanangu, hiyo ni ya mwisho." Kijana akasema, "Shikamoo mzee, lakini mwenye gari ana haraka." Yule mzee akaitikia marahaba bila ya kuinua kichwa, akasema, "Haraka ni yake, breki ni zangu."

Kisha alitoa mshipi wa kuvulia samaki. Mshipi huo alioufunga katika vigingi mbele na nyuma ya gari, pande zote mbili, kwa kimo cha katikati ya gurudumu, ndio mashine yake. Aliupima mpaka umbali wake kutoka kitovu cha gurudumu la mbele kulia ukalingana na wa kushoto, na vivyo hivyo kwa magurudumu ya nyuma, kwa sababu upana wa nyuma na wa mbele katika magari mengi haulingani, na mwenye kuugusisha mshipi kwenye matairi hudanganyika. Usukani ukiwa umefungwa katikati, alipima kwa rula kutoka mshipini hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo siri yote. Magari mengi hutaka magurudumu ya mbele yaelekeane ndani kwa milimita moja au mbili tu, na kitabu cha gari ndicho kisemacho kiasi. Nati ya tairodi hulegezwa, fito huzungushwa robo kwa robo, kulia na kushoto kwa kadiri moja ili usukani usipinde. Kisha gari husukumwa mbele na nyuma ili matairi yaliyojikaza yatulie, na kupimwa huanza upya. Hesabu ya magurudumu kupinda kila moja kwa pembe yake ni kongwe kuliko gari lenyewe, maana Mjerumani Lankensperger aliibuni kwa magari ya farasi, na Ackermann akaisajili London mwaka 1818.

Mshipi una mpaka wake. Hauonyeshi gurudumu lililolala kwa juu, wala hauponyi mkono uliopinda kwa kuangukia shimoni. Fundi mwenye haya husema hivyo waziwazi na kumwelekeza mteja kwenye mashine. Wapo wanaoziita gereji bubu mahali pa wababaishaji, na wababaishaji kweli wamo. Lakini mji huu, ambao reli ilianza kujengwa kutoka bandarini pake mwaka 1893, na ambao mashamba yake ya mkonge yalikuwa na karakana zao, haukupata mafundi wake wote madarasani. Wengi walirithishwa tupa na spana na watu waliofundishwa kazini, nao wakafundisha wengine chini ya mwembe.

Basi, msomaji, gari lako likianza kuvuta upande, usimwulize fundi bei ya kunyoosha usukani. Mwombe alinyanyue, azungushe magurudumu yote manne mbele ya macho yako, na kazi ikiisha, pedali ikanyagwe mara kadhaa hata iwe ngumu kabla gari halijatiwa gia. Na akikuambia kwamba hapana kifaa cha kununua, ila pini mbili zilikuwa zimekauka, mlipe ujira kamili wa ukaguzi wake.